Sura ya Saba: Volkano za Mkoa Usio na Volkano

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope zito lililobeba mawe na magogo liliteremka kutoka Mlima Hanang likaingia mjini Katesh na kwenye makazi ya Gendabi, Jorodom na Ganana. Wengi walikuwa bado wamelala. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, nyumba zilisombwa na misingi yake, na barabara kuu inayotoka Babati kuja Singida ikazibwa. Hanang ni volkano, na kila mwanafunzi aliyesoma jiografia ya darasa la sita anajua hivyo, kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa la lazima: mlima umelipuka?

Haukulipuka. Wataalamu waliopanda kukagua walikuta kwamba sehemu ya mlima ilikuwa imenyonya maji ya mvua mpaka ikashindwa kujishikilia, ikameguka, ikageuka tope. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutahadharisha miezi kadhaa kabla kwamba vuli ya mwaka ule ingekuja na El Niño, na ikaja kweli. Serikali ikatangaza kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkano wala tetemeko la ardhi, na mjadala ukaishia hapo.

Mimi naona jibu lile lilikuwa sahihi ila fupi mno. Mlima Hanang wenye urefu wa mita 3,400 na ushei haukuumbwa kama milima ya Usambara. Ulijijenga wenyewe, tabaka juu ya tabaka, kwa lava, majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa juu na kuanguka palepale. Moto wake ulizimika takriban miaka laki tisa iliyopita. Tangu hapo mvua na jua vimekuwa vikiyaozesha majivu yale kuwa udongo laini, na udongo huo umeegemea mteremko mkali sana. Volkano ikizimika, kilichobaki ni rundo refu la vitu vilivyoshikana vibaya, na makorongo yanayotoka kileleni yameelekezwa moja kwa moja kwenye tambarare ambako watu wamejenga kwa sababu ndiko kuliko na maji na ardhi nzuri. Mvua inatosha kumaliza kazi.

Jambo hili lina historia nje ya Afrika pia. Tarehe 30 Oktoba 1998, kimbunga Mitch kikiwa juu ya Amerika ya Kati, ubavu wa volkano Casita nchini Nicaragua ulimeguka kwa mvua tu. Volkano ile nayo ilikuwa imelala. Tope likafuta miji midogo miwili na kuua watu wapatao 2,000 au zaidi. Nchini Colombia mwaka 1985 Nevado del Ruiz ililipuka kidogo tu, lakini theluji iliyoyeyuka kileleni iliteremsha tope hadi mji wa Armero, na watu zaidi ya 20,000 wakafa kilomita nyingi mbali na kreta. Anayekaa chini ya volkano akingoja kuona moshi ndipo akimbie, anaangalia upande ambao mauti huenda yasitokee.

Sasa msomaji wa Singida atauliza haya yanamhusu nini. Hanang iko Manyara. Siku isiyo na ukungu unauona mlima ule ukiwa peke yake kaskazini-mashariki, juu ya nchi iliyo tambarare, na ukiteremsha macho unachokiona karibu ni mawe: yale mawe makubwa ya mviringo yaliyobebana, ambayo watu wamejenga kati yake, wakaanika alizeti juu yake, na watoto wakayafanya viwanja vya kuteleza. Yale ni graniti. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, ambayo wageni huambiwa ni kreta, si kreta. Ni maji ya chumvi yaliyojaa kwenye mabonde yasiyo na njia ya kutokea. Ukitaka kreta za kweli nenda Basotu, wilayani Hanang, ambako lava iliyokuwa ikipanda ilikutana na maji ya ardhini, mvuke ukapasua ardhi, na mashimo yaliyobaki yakawa maziwa.

Singida haina volkano kwa sababu imekaa juu ya kipande cha kale cha bara. Wanajiolojia wanakiita kratoni ya Tanzania. Kina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kimeanzia katikati ya nchi hadi Ziwa Viktoria, na mizizi yake imezama ndani sana kuliko ardhi inayokizunguka, ikiwa baridi na migumu. Ardhi ya Afrika Mashariki ilipoanza kupasuka, ufa ulifanya kile ambacho mto hufanya ukikuta mwamba: ulipita pembeni. Mkono mmoja ukashika njia ya Tanganyika na Rukwa, mwingine ukateremka kupitia Natron, Eyasi na Manyara. Mkono huu wa mashariki ndio uliozaa Kilimanjaro, Meru, Ngorongoro, Ol Doinyo Lengai na Hanang, kisha ukafifia ulipoingia nchi ya kati. Abiria wa Reli ya Kati anauona mwisho wake treni inapopanda kutoka Bahi kuelekea Saranda na Manyoni. Ukuta ule wa Kilimatinde ni ukingo wa Bonde la Ufa, tena bila volkano hata moja pembeni yake.

Hata hivyo ukongwe si kinga kamili. Huko Igwisi, mkoani Tabora, katikati ya kratoni hii hii, kuna vilima vitatu vidogo ambavyo mtu angevipita asivitazame mara mbili. Ni volkano za kimbalaiti, mwamba unaopanda kwa kasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita mia moja na wakati mwingine kuja na almasi. Duniani kote kimbalaiti nyingi zina umri wa mamilioni ya miaka. Mwadui, ambako John Williamson alipata almasi mwaka 1940, ina miaka zaidi ya milioni 50. Igwisi ina miaka kama 12,000 tu, na hakuna kimbalaiti changa zaidi inayojulikana. Singida nayo ina mabomba yake ya kimbalaiti. Hakuna sababu ya mtu kukosa usingizi kwa hilo. Nalitaja ili asiwepo wa kusema kwamba mwamba huu haupenyeki.

Kisha kuna jambo ambalo mwanafunzi hafundishwi kabisa. Singida ilikuwa na volkano zake yenyewe. Zilikuwa chini ya bahari, miaka ipatayo bilioni 2.7 iliyopita, wakati duniani hapakuwa na mmea wala mnyama. Lava yake imekunjwa, imebanwa, imepikwa upya, na leo ni ukanda wa miamba ya rangi ya kijani iliyokolea, unaokatiza katikati ya graniti kule Iramba. Maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa zake yaliacha mawe meupe ya kwatzi, na ndani ya kwatzi, dhahabu. Hiyo ndiyo Sekenke. Madereva wanaijua kwa mteremko wake mkali unaoshuka kuelekea Wembere, lakini Wajerumani waliijua kwa mgodi walioanza kuuchimba mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari na sarafu zikaadimika, walichukua dhahabu ya Sekenke wakaifanya sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, mwaka 1916, zikiwa na picha ya tembo. Wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani wanazitafuta mpaka leo kwa bei ambayo mchimbaji wa Iramba hawezi kuifikiria.

Dhahabu ya Singida bado inatoka. Londoni huko Manyoni kulifumuka wachimbaji wadogo, na karasha zikaanza kusaga mawe usiku na mchana. Mang'onyi, wilayani Ikungi, mgodi wa kampuni ya Shanta ulimimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023, mwaka ule ule wa tope la Katesh. Miamba hii ya kale ina madhara yake pia, ila si ya lava tena. Ni duara, yaani shimo la uchimbaji, linaloporomoka juu ya mtu, na zebaki inayochomwa wazi kwenye mialo ya kusafishia dhahabu huku mama akiwa na mtoto mgongoni.

Kwenye udongo, tofauti kati ya Singida na jirani yake Hanang haihitaji maabara. Graniti ikioza inatoa mchanga. Mchanga haushiki maji na hauna chakula kingi cha mmea, na ndiyo sababu Wanyaturu tangu zamani waliunganisha ng'ombe na shamba: samadi ya zizini ilimwagwa shambani ili uwele na mtama viote, na mwenye ng'ombe wengi alikuwa ndiye mwenye mavuno. Alizeti na vitunguu vimefika baadaye vikakuta hesabu ile ile. Majivu ya volkano ni kitu kingine. Yana potasiamu, kalisi, magnesi na fosforasi, yanaoza haraka, na yanashika unyevu. Mkulima wa tambarare za Hanang alipewa bure kile ambacho mwenzake wa Singida Vijijini anakibeba kwa tenga.

Faida hiyo ilileta ugomvi. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Matrekta yalilima zaidi ya ekari laki moja. Ngano ilistawi, na nchi ikapata sehemu ya unga wa mikate yake. Lakini ile haikuwa ardhi tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaigi, na yalikuwa malisho bora kuliko yote waliyokuwa nayo, kwa sababu kilichoifanya ardhi ile iwe nzuri kwa ngano ndicho hicho kilichoifanya iwe nzuri kwa nyasi. Njia za ng'ombe zilikatwa, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi wao. NAFCO imeshakufa. Hukumu ile bado inafundishwa katika vyuo vya sheria, na wafugaji waliosukumwa walihamia penye nafasi, wengine hadi kwenye mchanga wa mikoa ya jirani. Vitabu vinapoorodhesha faida za volkano huandika udongo wenye rutuba na kupita. Haviulizi rutuba hiyo ilikuwa ya nani kabla ya trekta.

Nishati nitaigusa kidogo tu, maana kwa Singida bado ni habari ya majirani. Kenya inazalisha umeme wa jotoardhi huko Olkaria, karibu na Naivasha, tangu mwaka 1981, na leo ndio nguzo ya gridi yake. Rungwe, mkoani Mbeya, kabonidayoksaidi inayotoka ardhini inakusanywa na kujazwa kwenye mitungi, na kuishia kwenye chupa za soda. Gesi hiyo hiyo, ikitoka mahali pasipo na mtu wa kuikusanya, inaua. Kuzunguka Goma, chini ya volkano Nyiragongo, wenyeji wanaita mazuku mashimo ambamo gesi inatulia kimya kwa sababu ni nzito kuliko hewa, na mbuzi au mtoto akishuka humo hapandi tena. Nyiragongo ilimwaga lava mjini Goma mwaka 2002, ikarudia kuelekea mji huo mwaka 2021, lakini mazuku hayangoji mlipuko.

Heliamu ndiyo inayoigusa nchi ya kati moja kwa moja. Graniti kongwe ina urani na thori kidogo kidogo, na madini hayo yakioza kwa mabilioni ya miaka huzaa gesi ya heliamu, ambayo hubaki imefungwa ndani ya mwamba. Joto la Bonde la Ufa linapousogelea mwamba huo, gesi hufunguka ikaanza kupanda. Yanahitajika yote mawili, mwamba mzee na moto mpya, na kingo za kratoni ndizo zenye yote mawili. Tangu katikati ya karne iliyopita wanajiolojia walikuwa wakirekodi chemchemi za ukanda huu zinazotoa mapovu ya naitrojeni yenye heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa huenda lina futi za ujazo bilioni 54. Mabonde ya Eyasi na Balangida, hili la pili likiwa chini kabisa ya Hanang, nayo yakaingia kwenye ramani za utafutaji. Mashine za MRI katika hospitali kubwa zinapozwa kwa heliamu. Watu wa Balangida kwa sasa wanavuna ziwani kitu kile walichovuna siku zote, chumvi.

Nimeacha maji mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo njia ambayo volkano inaingia katika nyumba nyingi zaidi, tena bila kelele. Lava ya Bonde la Ufa ina tabia ya pekee: ina sodiamu nyingi na floraidi nyingi. Maji yanayopita katika lava na majivu hayo yanachukua vyote viwili. Kwa kawaida kalisi ingeikamata floraidi na kuishusha chini kama jiwe, lakini maji ya magadi yana kalisi kidogo sana, kwa hiyo floraidi inabaki majini. Singida, pamoja na Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga, inatajwa kila mara miongoni mwa mikoa yenye tatizo hili. Haki itendeke hata kwa moto: si floraidi yote ya Singida imetoka kwenye volkano. Graniti nayo inayo katika madini yake, na kisima kilichochimbwa ndani sana, ambako maji yamekaa na mwamba miaka mingi, kinaweza kuwa kibaya kuliko kifupi cha jirani. Anayelipia kuchimbiwa mita zaidi anadhani ananunua usafi.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, ikijua kwamba vijiji vingi havina chanzo kingine, iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini tangu miaka ya 1970, ikateremsha hadi 4, na miaka ya karibuni ikafika 1.5. Kiwango kilishuka kwenye karatasi. Kisima kilibaki kilipo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajiumba, yaani kabla ya kutimiza miaka minane hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Akizidi kunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa inakakamaa, mgongo unagoma kuinama, na miguu ya watoto wengine inapinda. Kuchemsha maji hakusaidii. Kunaua vijidudu, ila maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki ile ile katika maji machache zaidi.

Halafu kuna sufuria. Watafiti wa afya ya meno nchini walipokagua watoto katika vijiji ambavyo maji yake hayakuwa na floraidi nyingi, walikuta meno ya kahawia hata huko, na wakafuata nyayo hadi jikoni. Chanzo kilikuwa magadi. Maharage yanaiva upesi kwa magadi, makande yanalainika, na mlenda bila magadi haukubali kuvutika, jambo ambalo mama wa Singida hatalijadili na daktari yeyote. Magadi yanayokwanguliwa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa ni zao la volkano lililokaushwa na jua, na mengine yana floraidi nyingi sana. Kijiko kidogo cha magadi hayo kinatosha kuharibu kazi ya mradi wa maji. Hakuna anayeweza kuitambua floraidi hiyo kwa ulimi. Magadi ya soko moja yanaweza kuwa salama na ya soko la pili yasiwe, kutegemea ziwa yalikotoka na tabaka yalilochotwa.

Dawa ya kuondoa floraidi majini iliyofanyiwa kazi zaidi hapa nchini inatoka katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha: mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto kali mahali penye hewa kidogo, inasagwa chengachenga, inawekwa katika ndoo au tangi, na maji yanapopita, mfupa unaivuta floraidi kama ambavyo ungeivuta ukiwa ndani ya mwili. Singida haina upungufu wa mifupa. Machinjio yake yanaitupa. Ugumu uko kwingine. Mkaa ukishashiba floraidi unaacha kuivuta, na maji yanaendelea kutoka kwenye bomba yakiwa maangavu, yana ladha ile ile, hayana harufu. Anayejua kwamba muda wa kubadilisha umefika ni yule mwenye kifaa cha kupimia, na vijiji vingi vilivyowahi kupewa chujio havikuwahi kupewa kifaa hicho.